AFYA YA JAMAA: Pompi inafungua mulango, haijengi nyumba mpya



Mwezi huu tunajibu barua moja iliyotoka Kamina. Mama aliyeiandika ameomba tusitaje jina lake, nasi tunaheshimu vile. Tumeifupisha kidogo, lakini maneno ni yake:

« Ndugu wa ukurasa wa afya, baba mukwe wangu alitumika miaka mingi kule Kolwezi, ndani ya vumbi, na sigareti alianza tangu ujana. Kiisha kumaliza kazi alirudi kwetu Kamina. Sasa kutoka nyumbani mpaka kanisani kunamushinda, anasimama mara tatu mara ine njiani. Wakati wa mvua ninapika ndani, na yeye anakaa karibu ya mbabula juu ya baridi. Munganga alimupa pompi ya kupuliza kinywani, nayo ilimusaidia. Lakini jirani yetu mumoja alikuwa na pompi kama ile, akakufa akiwa nayo mukononi. Tangu siku ile watu wanasema: pompi inazoesha mapafu, kiisha inayamaliza. Baba amekataa kuitumia. Bwana wangu anasema ni vizuri aiache, dada yake anasema aitumie, na nyumbani amani hakuna. Mimi njo ninamusikia usiku vile anatafuta pumzi. Tufanye namna gani? »

Mama, asante kwa kuandika. Jamaa nyingi ziko na swali kama lako, kwa sababu katika miji yetu ya kazi na ya reli wazee wenye kifua kizito ni wengi. Jibu fupi ni hili: hapana, pompi haimalizi mapafu. Lakini pompi haifanyi pia kila kitu ambacho watu wanaitazamia. Ni vizuri nyumba nzima ijue inafanya nini na haifanyi nini, ndipo mabishano yaishe.

Ugonjwa gani huu?

Waganga wanauita kwa herufi za Kifaransa BPCO. Maana yake ni ugonjwa wa siku nyingi unaofanya njia za hewa ndani ya mapafu kuwa nyembamba, na wembamba ule hauishi kabisa. Hauambukizi. Kutumia kikombe kimoja na muzee hakukuletei ugonjwa huu. Tena hakuna mutu aliyemuroga baba. Tunasema wazi, kwa kuwa tunajua namna jamaa nyingi zinavyovunjika juu ya neno lile.

Unatoka wapi? Unatoka katika kuvuta moshi na vumbi miaka mingi. Moshi wa sigareti ni wa kwanza. Moshi wa kuni na makala ndani ya nyumba ni wa pili. Vumbi la mugodi, la mawe na la matofali linaongeza. Hata mutu aliyepona kifua kikuu anaweza kubaki na makovu yanayobana njia za hewa.

Watu walizoea kusema ni ugonjwa wa wazee wanaume wanaovuta tumbako. Si kweli. Katika nchi jirani ya Uganda, waganga walipima pumzi za watu wa vijiji vya Masindi, kuanzia umri wa miaka 30, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Katika watu 100, kama 16 walikuwa na ugonjwa huu, na wanawake walikuwa nao sawa na wanaume. Wengi kati ya wagonjwa hawakuwa wazee hata kidogo. Karibu watu wote waliopimwa, 93 katika 100, walikuwa wanakaa na moshi wa kuni. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba mwaka 2021 BPCO iliua watu milioni 3 na nusu duniani.

Kanisa lenye mulango mumoja mwembamba

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa njo watu wengi wanakosea. Mukimuona baba anahema, munafikiri hewa haiingii. Mambo ni karibu kinyume: hewa haitoki.

Fikirini siku ya Pasaka, kanisa limejaa mpaka nje. Ibada ya kwanza imekwisha, ibada ya pili inangojea. Lakini kanisa liko na mulango mumoja tu, nao ni mwembamba. Watu wa ibada ya kwanza wanatoka mumoja mumoja, polepole. Kabla hawajamalizika, watu wa ibada ya pili wanasukuma kuingia. Kiisha nusu saa kanisa limejaa watu wa zamani, na wapya hawana pahali pa kusimama. Ndani ni fujo, nje ni fujo.

Vile vile kifua cha muzee. Mapafu yetu yako kama muti uliopinduliwa: shina ni koo, matawi ni mirija mikubwa, kiisha mirija midogo midogo, na mwishoni vifuko vidogo sana kwa mamilioni, ambamo hewa safi inapita kuingia katika damu. Kwa mutu mwenye BPCO, mirija midogo imevimba, imejaa makohozi, na nyama zinazoizunguka zimejikaza. Vifuko vingine vimepasuka, vikaungana kuwa mashimo makubwa yasiyo na nguvu ya kurudi, kama mupira wa zamani uliochoka. Akivuta hewa, inaingia. Akitaka kuitoa, mirija inajifunga. Hewa chafu inabaki, na pumzi mpya inakosa nafasi.

Akikaa kimya, anaweza kuvumilia, kwa kuwa ana wakati wa kutoa pumzi polepole. Lakini akitembea, mwili unaomba hewa mbio mbio. Anavuta pumzi ya pili kabla ya kumaliza kutoa ya kwanza, na kila mara hewa kidogo inabaki ndani. Kifua kinavimba, mabega yanapanda, na baba anasimama njiani akishika muti au ukuta. Mama, zile mara tatu mara ine ambazo umehesabu, sababu yake ni hiyo. Si uvivu wa muzee, wala si woga.

Kazi ya pompi

Nyama nyembamba zinazozunguka mirija zinaweza kujikaza na kulegea. Dawa za kufungua mirija zinafanya kazi kwa nyama zile. Ziko za namna mbili.

Namna ya kwanza inaambia nyama: legea. Salbutamoli iko hapa, ile ambayo watu wengi wanaiita Ventoline. Ilianza kuuzwa mwaka 1969. Inaanza kufanya kazi kwa muda wa dakika 5 hivi, na nguvu yake inakaa saa 4 mpaka 6. Dada zake formoteroli na salmeteroli zinakaa kama saa 12.

Namna ya pili inazuia ujumbe wa mishipa ya fahamu unaosema: kaza. Ipratropiumu ni ya hapa, inakaa kama saa 6. Tiotropiumu nayo inakaa siku nzima, kwa hiyo inapulizwa mara moja kwa siku. Munganga anaweza kumupa mugonjwa namna zote mbili pamoja, kwa sababu kila moja ina njia yake.

Nyama zikilegea, murija unapanuka. Ni kidogo tu, lakini kidogo kile kinatosha watu wa ibada ya kwanza watoke. Hewa ya zamani inapungua, kifua kinashuka, na pumzi mpya inapata kiti.

Kuna jambo linaloshangaza hata wainfirmiye. Wakimupima mugonjwa kwa spirometri, chombo cha kupulizia kinachopima hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza, mara nyingi wanaona dawa imeongeza kidogo sana. Mutu anaweza kusema: basi dawa ni ya bure. Lakini muzee mwenyewe anasema: leo nilifika sokoni bila kukaa chini. Nani anasema kweli? Wote wawili. Chombo kinapima mulango, na mulango umepanuka kidogo. Muzee anapima kanisa, na kanisa limepata nafasi. Kwa hiyo musingojee chombo peke yake kiwaambie kama dawa inasaidia. Hesabuni mara ngapi baba anasimama njiani.

Kitu ambacho pompi haiwezi

Sasa tuseme upande wa pili bila kuficha. Vifuko vilivyopasuka, pompi haivishoni. Makovu, haiyafuti. Inafungua mulango, lakini nyumba iliyobomoka haiijengi upya. Nguvu yake ikiisha, mirija inarudi vile ilivyokuwa. Hapa njo neno la watu linatoka. Wanaona muzee anatumia pompi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tano, na ugonjwa unaendelea. Wanasema: ni pompi iliyomumaliza.

Waganga pia waliuliza swali lile, nao walilipima kwa watu wengi. Mwaka 2008 walitangaza majibu ya wagonjwa karibu 6.000 wa nchi 37, waliofuatwa miaka 4. Nusu walipewa tiotropiumu, nusu walipewa pompi isiyo na dawa hiyo, lakini wote waliendelea na dawa zao zingine. Mapafu ya makundi mawili yalipungua kwa mwendo ule ule. Maana yake dawa haikuzuia ugonjwa kutembea, lakini haikuusukuma mbele pia. Wale waliopata dawa walipumua vizuri zaidi, walishambuliwa na ugonjwa mara chache zaidi, na hawakufa zaidi kuliko wengine.

Kabla ya hapo, mwaka 1994, Marekani na Kanada walitangaza majibu ya wavuta sigareti 5.887 waliofuatwa miaka 5. Wengine walipewa ipratropiumu, wengine hapana. Dawa iliongeza pumzi kidogo wakati walipoitumia, na walipoiacha faida ikaisha. Kitu kimoja tu kilipunguza mwendo wa ugonjwa: kuacha sigareti. Wakaendelea kuwafuata mpaka miaka 11. Wanaume walioacha kabisa walipoteza kila mwaka kama mililita 30 za pumzi, karibu sawa na mutu yeyote anayezeeka. Walioendelea kuvuta walipoteza kama mililita 66. Kijiko kidogo cha chai ni mililita 5. Basi mumoja anapoteza vijiko 6 kwa mwaka, mwenzake 13. Hesabuni kwa miaka 20, mutaona nani atafika kanisani kwa miguu yake.

Kwa hiyo kinachomaliza mapafu ni moshi. Pompi inamusaidia mutu kuishi na mapafu aliyobaki nayo.

Na yule jirani aliyekufa?

Hatukumuona, hatuwezi kusema ugonjwa wake ulikuwa gani. Lakini mutu anayezama anakufa akishika kamba, na hatusemi kamba imemuzamisha. Mutu anayekosa pumzi anashika pompi yake mpaka mwisho. Ni kawaida.

Hata hivyo kuna onyo la kweli ndani ya habari ile. Mutu akiona pompi aliyozoea kutumia mara mbili kwa siku sasa anaipuliza kila saa, ile ni alamu: ugonjwa umepanda, anahitaji hospitali, si pompi ya pili. Wengine wanakufa kwa kungojea nyumbani wakipuliza, wakifikiri asubuhi itakuwa vizuri.

Tena, asma si BPCO. Mutu wa asma, mara nyingi tangu utoto, mirija yake inawaka ndani, na anahitaji dawa ya kuvuta inayotuliza moto ule kila siku. Akitumia salbutamoli peke yake miaka na miaka, anafunika moto bila kuuzima, na hatari ni kubwa. Kwa hiyo pompi ya baba isipewe kijana wa jirani kwa huruma tu. Kila mumoja apimwe.

Namna ya kupuliza

Pompi nyingi zinaitwa mbaya kwa sababu zinapulizwa vibaya. Dawa inabaki juu ya ulimi, haifiki mapafuni. Fanyeni hivi:

1. Toa kifuniko, tikisa pompi vizuri.
2. Kaa wima. Toa pumzi yote polepole.
3. Weka kinywa cha pompi kati ya meno, funga midomo.
4. Anza kuvuta pumzi polepole, bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae.
5. Funga kinywa, shika pumzi, hesabu mpaka 10, kiisha toa polepole.
6. Kama munganga amesema mara mbili, ngojea nusu dakika au dakika moja, tikisa tena, rudilia.

Wazee wengi hawawezi kubonyeza na kuvuta pamoja. Musihangaike. Chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita, kavu na safi. Chini yake tobolea tundu linalolingana na kinywa cha pompi, ufunge pembeni vizuri kwa utepe hewa isipite. Pompi inaingia upande wa chini, muzee anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, mumoja anabonyeza, na yeye anavuta polepole mara chache. Kule Cape Town, Afrika ya Kusini, waganga walijaribu chupa namna hii kwa watoto wenye asma, wakatangaza mwaka 1999 kwamba inafanya kazi sawa na chombo cha kununua. Faida yake ni ile ile: dawa inapata wakati wa kufika ndani.

Pompi ya salbutamoli ya kawaida ina mapulizo 200. Andikeni tarehe ya kuifungua juu yake. Anayepuliza mara 8 kwa siku ataimaliza kwa siku 25, kwa hiyo tafuteni ya pili mbele. Pompi iliyokwisha musiitupe ndani ya mbabula wala musiitoboe. Inaweza kupasuka na kuumiza watoto.

Kiisha kupuliza salbutamoli, mikono inaweza kutetemeka kidogo na moyo kupiga mbio. Mara nyingi inapita yenyewe. Anayeumwa moyo amuambie munganga mbele. Dawa za namna ya pili zinakausha kinywa, na zinaweza kumusumbua muzee ambaye mukojo unatoka kwa shida au mwenye ugonjwa wa pressio ya macho. Amuambie munganga vile vile.

Neno moja juu ya vidonge vya aminofilini na teofilini. Vinauzwa kwa bei ndogo, na vinafungua mirija kidogo. Lakini kati ya kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru njia ni nyembamba sana. Vikizidi vinaleta kutapika, moyo kupiga ovyo, hata kifafa. Anayeacha sigareti wakati anavitumia amuambie munganga, kwa sababu dawa itaanza kukaa zaidi mwilini. Musiongeze kidonge kwa shauri la rafiki.

Mama, tuzungumuze juu ya mbabula

Barua yako ilikuwa juu ya baba. Lakini uliandika neno moja kama kwa kupita: wakati wa mvua unapika ndani, na muzee anakaa karibu ya moto. Mama, neno hilo ni kubwa kuliko habari ya pompi.

Tunajua maisha ya Kamina. Makala yanafika kwa mifuko, kwa baiskeli na kwa treni. Samaki wa Kinkondja na Bukama anafika kwetu akiwa amekaushwa kwa moshi, na kuna wamama waliosimama juu ya moshi ule tangu ujana. Hatuwezi kuwaambia: musipike. Lakini tunaweza kuwaambia: moshi utoke nyumbani.

Kule kusini ya China walifuata karibu watu 1.000 wa vijijini miaka 9, tangu 2002. Wengine walipata gesi ya kupikia iliyotoka katika samadi, wengine walitengeneza njia ya moshi kutoka jikoni, wengine hawakubadilisha kitu. Wale waliobadilisha, mapafu yao yalipungua polepole zaidi. Kitu hiki pompi haikukiweza. Jiko lililotengenezwa lilikiweza.

Basi, mbabula iwashwe nje mpaka makala yawe mekundu. Mvua ikinyesha, pikeni chini ya paa lisilo na kuta, hata kama ni bati mbili juu ya miti mine. Kuni ziwe kavu kabisa. Baba apewe blanketi na koti, asiote moto karibu ya moshi. Mutoto asibebwe mugongoni wakati wa kupuliza moto. Na usiku, mbabula isiingizwe katika chumba cha kulala chenye mulango uliofungwa, kwa maana makala hata bila moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo inaweza kuua watu wote wakiwa usingizini.

Hayo si kwa ajili ya baba tu. Mapafu yake yameisha kupata hasara, lakini yako na ya watoto bado yanaweza kulindwa.

Nanyi vijana wanaochimba mawe upande wa Kolwezi na Malemba-Nkulu: vumbi halitoki kifuani kama linavyotoka katika shati. Mwagilieni maji pahali munapopiga, fungeni kinywa na pua, musikae mbele ya upepo wa vumbi. Na sigareti ya kwanza, kataeni. Ile ya kwanza ni rahisi kukataa kuliko ya elfu.

Mambo mengine yanayosaidia baba

Mufundisheni kutoa pumzi kama anayepuliza mushumaa bila kuuzima: avute kwa pua, atoe polepole kwa midomo iliyobanwa. Njia inabaki wazi, hewa ya zamani inatoka. Anaweza kufanya hivyo njiani kabla hajachoka.

Atembee kila siku kidogo, hata kuzunguka nyumba. Akikaa siku nzima kwenye kiti, miguu inakosa nguvu, na miguu dhaifu inaomba hewa nyingi zaidi. Ale kidogo mara nyingi, kwa kuwa tumbo lililojaa bukari linasukuma kifua.

Na kama mutu anakohoa zaidi ya majuma mawili, makohozi yapimwe kwanza juu ya kifua kikuu, hata kama anajulikana kuwa na BPCO. Dawa za kifua kikuu hazilipwi.

Mupelekeni hospitali bila kungojea kama: hawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, midomo au kucha zinageuka rangi ya bluu, anachanganyikiwa au anasinzia ovyo, makohozi yamebadilika rangi na homa imepanda, au pompi haimusaidii tena kama kawaida. Mukifika, semeni wazi: muzee huyu ana BPCO. Ni neno la lazima, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kipimo inaweza kumulaza usingizi mbaya mutu mwenye ugonjwa huu. Inapaswa kupimwa.

Juu ya maombi

Tunajua kuna pahali watu wanasema: ukishika pompi, huna imani. Mutume Paulo alikuwa mutu wa maombi, lakini alipoandika kwa Timoteo juu ya tumbo lake, alimupa shauri la kitu cha kutumia. Na mwenzake wa safari, Luka, alikuwa munganga. Ombeni na baba asubuhi na jioni. Kiisha maombi, mushikie chupa, na abonyeze. Mungu aliyetupa pumzi hachukizwi na dawa inayosaidia kuitoa na kuivuta.

Na bwana wako, Mama, tunamuambia kwa heshima: wewe unaogopa kumupoteza baba, njo maana unataka aache pompi. Dada yako anaogopa kitu kile kile, njo maana anataka aitumie. Hamukugombana juu ya chuki. Ketini pamoja, mumusomee muzee ukurasa huu, kiisha mumuulize yeye mwenyewe anataka nini. Tena mumusindikize kwa munganga aliyemupa pompi, aonyeshe mbele yake vile anavyoipuliza. Labda kosa lilikuwa pale tu.

Juma lijalo, muanze safari ya kanisa mapema. Baba apulize dakika 15 mbele ya kutoka, kama munganga alivyomuelekeza, atembee polepole akipuliza mushumaa wake. Hesabuni anasimama mara ngapi. Kiisha mutuandikie.

Maswali ya kuzungumuza nyumbani:

1. Kwetu, moshi unatoka wapi, na unapita wapi kutoka nje?
2. Ni nani katika jamaa anayesimama njiani akitafuta pumzi, naye hajapimwa?
3. Ni dawa gani tuliyoiacha kwa sababu ya maneno ya watu, bila kumuuliza munganga?

Mubaki na amani.

Ndugu yenu wa ukurasa wa afya